Ukoo wa Kaisari kwa Bei ya Viatu

Leo tutaanza na mauaji, halafu tutaingia sokoni.

Desemba mwaka 211, mjini Roma, ndani ya jumba la kifalme, kijana wa miaka 22 aitwaye Geta aliitwa aje kupatanishwa na kaka yake. Msuluhishi alikuwa mama yao, Julia Domna. Geta akaja bila walinzi, maana anakwenda kwa mama. Kaka mtu, Caracalla, alikuwa ameshawapanga askari wake. Cassius Dio, aliyekuwa mjumbe wa seneti siku zile na akaandika historia ya mambo ya zama zake, anasimulia kwamba Geta alimkimbilia mama yake, akamkumbatia shingoni, na akauawa papo hapo mikononi mwake. Mama naye akajeruhiwa mkono. Kisha akakatazwa kulia. Hebu fikiria, msikilizaji: mwanamke anakatazwa kumlilia mwanawe wa kumzaa, na aliyemkataza ni mwanawe mwingine wa kumzaa.

Caracalla hakutosheka. Akaamuru jina la mdogo wake lifutwe kwenye mawe, kwenye hati na kwenye sanamu, na Dio anasema hata sarafu zenye sura ya Geta aliziyeyusha.

Sasa twende sokoni. Leo hii dinari ya Geta, yaani sarafu ya fedha iliyofuliwa kabla ya mwaka ule wa mauaji, ni miongoni mwa sarafu za Kirumi zisizosumbua kuzipata. Iliyotumika ikachakaa kiasi, lakini sura na maandishi bado vinasomeka, huuzwa kama dola 40 hadi 60. Kwa shilingi za Kenya ni elfu tano na kitu hadi elfu nane kasoro. Kwa za Tanzania ni laki moja na kitu. Ni bei ya viatu vya ngozi vya kwendea ofisini. Kwa bei ya viatu unamshika mkononi mtu ambaye dola kubwa kuliko zote za zama zake iliamua kwamba hakuwahi kuwepo.

Nimemchagua Geta makusudi, kwa sababu nataka kuwaambia wale wanaotamani kukusanya sarafu za kale lakini mfuko hauruhusu: msimkimbilie Kaisari mmoja mmoja mwenye jina kubwa. Chukueni familia nzima. Anayeanza kwa wale Wakaisari kumi na wawili wa mwanzo, kuanzia Julius, atafika kwa Otho, aliyetawala miezi mitatu tu mwaka 69, na hapo mkoba utamwishia. Ukoo wa Severus ni habari nyingine. Ulitawala kuanzia mwaka 193 hadi 235, ukakatizwa mwaka mmoja hivi katikati, na karibu kila mtu wa maana katika ukoo ule ana sarafu anayoweza kuinunua mwalimu au karani akijibana miezi miwili.

Kwa nini ni rahisi? Ni kwa sababu zilifuliwa nyingi mno, na zilifuliwa nyingi kwa sababu ya askari. Septimius Severus, baba wa hao ndugu wawili, alizaliwa mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, kwenye pwani ya nchi tunayoiita Libya leo. Alipata ukaisari mwaka 193, mwaka ambao walinzi wa jumba la kifalme walimuua Kaisari Pertinax, kisha wakakinadi kiti chake kama watu wanaonadi mbuzi. Mnada ule alishinda tajiri mmoja, Didius Julianus, ambaye hakumaliza hata miezi mitatu. Severus alikuwa na majeshi ya mto Danube nyuma yake, akaingia Roma. Mtu aliyepandishwa na askari anajua deni lake liko wapi: akawaongezea mshahara. Caracalla alipoachiwa kiti akawaongezea tena.

Fedha ya kulipa mishahara ile ilitoka wapi? Haikutoka. Severus aliichakachua dinari. Aliendelea kuongeza shaba ndani yake hadi karibu nusu ya sarafu ikawa si fedha tena. Ndiyo maana ukiishika dinari yake iliyosuguliwa sana, pale kwenye pua na mashavu wakati mwingine unaona rangi ikigeuka hudhurungi. Mwaka 215 Caracalla akazidisha: akatoa sarafu mpya iliyohesabiwa kuwa dinari mbili, wakati fedha iliyokuwamo ilikuwa ya dinari moja na nusu tu. Mchumi yeyote angeweza kumwambia mwisho wake.

Sarafu hizo zilisambaa hadi mipakani, na karne ile ya tatu ilipoingia vurugu, watu wakazifukia ardhini na wengi hawakurudi kuzifukua. Mwaka 1929, huko Reka Devnia nchini Bulgaria, ilifukuliwa hazina moja ambayo wataalamu waliweza kuorodhesha ndani yake dinari zaidi ya 80,000, na nyingine zilikuwa zimeshatawanyika kabla hawajafika. Shimo moja tu hilo! Ukisikia mtu anakwambia dinari ya Severus ni adimu kwa kuwa ina umri wa miaka 1,800, mshukuru, kisha nenda duka la pili.

Haya, tuzitazame kwa karibu. Dinari ni kitu kidogo: upana wake hauzidi sana milimita 18 au 19, uzito gramu tatu na kitu. Upande mmoja una sura na jina, upande wa pili una picha na neno. Watu wengi hununua sura. Mimi nawasihi mnunue neno, kwa sababu upande wa pili ndiko serikali inakozungumza. Hapakuwa na gazeti wala redio kama hii. Mshahara wa askari ndio ulikuwa taarifa ya habari.

Na taarifa ya habari ya ukoo huu ilikuwa uongo mtupu, tena uongo mtamu. Mwaka 202 Caracalla, akiwa kijana wa miaka 14, aliozwa Plautilla, binti wa Plautianus, mkuu wa walinzi na mtu wa kwao baba, Leptis Magna. Basi zikatoka dinari za Plautilla. Upande wa sura, msichana mwenye shingo nyembamba, nywele zimechanwa kwa mawimbi na kufungwa nyuma. Upande wa pili, watu wawili wamesimama wakitazamana, mume na mke, wamepeana mkono wa kuume, na maneno PROPAGO IMPERI: hawa ndio watakaouzalia ufalme warithi. Nyingine zinasema CONCORDIA, mapatano. Ukweli ni kwamba Caracalla hakutaka hata kumwona. Dio, ambaye alikuwapo mjini, anaeleza chuki hiyo bila kuficha. Mwaka 205 baba mkwe akauawa, Plautilla akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Lipari, na Septimius Severus alipofariki, Caracalla akatuma watu wakammalizie hukohuko. Sarafu za binti huyu zilifuliwa miaka mitatu tu, ndiyo maana ni ghali kidogo kuliko za Geta, lakini bado hazimfukuzi mtu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sarafu ya lazima katika ukoo mzima. Ile mikono iliyoshikana inasema mengi kuliko kurasa kumi za historia.

Sasa weka dinari mbili za miaka ya 200 hadi 208 bega kwa bega, moja ya Caracalla, moja ya Geta. Wamepishana kuzaliwa miezi 11 tu: mmoja Aprili 188, mwingine Machi 189. Sura ni zilezile, watoto wa mama mmoja. Lakini tazama kichwani. Caracalla ana taji la majani ya mlaureli, kwa sababu baba yake alimpa cheo cha Augusto, mtawala kamili, mwaka 198. Geta kichwa wazi. Yeye ni Kaisari mdogo tu, mrithi wa akiba, na atabaki kichwa wazi mpaka mwaka 209 ndipo naye avikwe. Miezi 11 ya umri, miaka 11 ya cheo. Hakuna mwanahistoria aliyehitaji kutueleza namna wivu ulivyolelewa nyumbani mle. Mfua sarafu ametuonyesha kwa kuweka majani kwenye kichwa kimoja na kuyanyima kingine.

Baba yao alifariki Februari 211 huko York, Uingereza, vitani, akiwaachia wote wawili ufalme wa ubia. Kabla ya hapo zilikuwa zimekwisha kutoka sarafu za shaba zinazowaonyesha ndugu hao wamepeana mikono, na lile neno lao la mapatano. Sisi Waswahili tuna msemo wetu: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kwa Roma ya mwaka 212 haukufaa. Waliochukua jembe hawakusalimika, na wa kapu pia. Dio anataja watu kama 20,000 waliouawa kwa kudhaniwa kuwa upande wa Geta, wakiwamo watumishi na askari waliokuwa karibu naye.

Hapa niingize neno moja la kwetu. Kenya, katika katiba yake ya 2010, ibara ya 231, iliamua kwamba noti na sarafu zisibebe sura ya mtu yeyote, na sarafu zilizotoka mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Tanzania bado ina Mwalimu Nyerere kwenye shilingi 100 na Mzee Karume kwenye 200. Kila upande una hoja zake, ila ukiujua mkasa wa Geta unaelewa upesi kwa nini watu hugombania suala hili kwa moto. Sura kwenye pesa inaingia kila mfuko, na kuitoa ni kazi pevu.

Tena ni kazi tunayoweza kuiona kwa macho. Miji ya Asia Ndogo, Uturuki ya leo, ilikuwa ikifua sarafu zake za shaba, kubwa, zenye sura za familia ya mtawala. Huko Stratonicea na Pergamon kuna vipande vilivyokuwa na nyuso mbili zikitazamana. Amri ya Caracalla ilipofika, mtu alichukua patasi, akaukwangua uso wa Geta hadi ukawa uwanda, akaiachia sarafu iendelee kununua mikate. Ukikutana na kipande cha namna hii utaona upande mmoja mtu, na mbele yake kovu. Mjini Roma nako, kwenye Tao la Severus lililozinduliwa mwaka 203, mstari uliokuwa na jina la Geta ulichongwa upya kwa maneno ya kumsifu baba na kaka, na wenye macho makali bado wanaona matundu ya herufi za zamani. Na makumbusho ya Berlin yana ubao wa rangi kutoka Misri wenye baba, mama na watoto wawili, mmoja wao hana uso. Shaba ilikwanguliwa, jiwe likachongwa, ubao ukafutwa. Dinari za fedha ndizo zilizoshindikana. Zilikuwa nyingi mno, na nani angesalimisha fedha yake kwa hiari ili ikayeyushwe?

Nimwendee mama. Julia Domna alizaliwa Emesa, ambayo leo ni Homs nchini Syria, binti wa kuhani wa mungu wa jua. Sarafu zake ni za bei nafuu, nyingi, na zinapendeza macho: uso wa utulivu, nywele nzito za mawimbi zilizokusanywa kisogoni kama kilemba. Kama unanunua moja tu, nunua ya kwake. Sarafu zilimtangaza kuwa mama wa kambi, yaani mama wa majeshi. Watu wanadhani wanawake wa Kirumi walikaa ndani wakisokota sufu. Huyu alikuwa akipokea barua na maombi ya dola nzima wakati mwanawe yuko vitani. Caracalla alipouawa mwaka 217 njiani karibu na Carrhae, Domna aliacha kula, akafa.

Ungedhani ukoo umekwisha hapo. Kumbe dada yake Domna, Julia Maesa, alikuwa na akiba ya fedha na wajukuu wawili wa kiume. Akarudi Emesa, akawanong'oneza askari kwamba mjukuu mkubwa, kijana wa miaka 14, ni mtoto wa Caracalla wa nje ya ndoa. Askari wakapenda habari hiyo, hasa ilipokuja na pesa. Kijana akawa Kaisari mwaka 218. Ndiye tunayemwita Elagabalus. Na hapa ndipo wakusanyaji wapya hupotea, kwa sababu bibi alihakikisha mjukuu anabeba jina lilelile rasmi la Caracalla: ANTONINVS PIVS AVG linaonekana kwenye sarafu za Caracalla na za Elagabalus. Wauzaji wavivu huzichanganya pia. Tazama mambo mawili. Elagabalus mara nyingi ana nyota ndogo upande wa pili, pembeni mwa picha, na kwenye baadhi ya sarafu ana kitu kama pembe kimetokeza juu ya paji la uso, ambacho wataalamu hawajaacha kukibishania. Tena jina lake aghalabu hutanguliwa na herufi IMP, wakati Caracalla wa miaka ya mwisho, kuanzia 213, hufuatiwa na GERM, kwa ushindi wake dhidi ya Wajerumani.

Elagabalus na mama yake Julia Soaemias waliuawa Machi 222, bibi akiwa ameshamwandaa mjukuu wa pili, Severus Alexander. Dinari za Alexander na za mama yake, Julia Mamaea, ndizo rahisi kuliko zote katika mlolongo huu. Sitakaa hapo sana. Ni sarafu nzuri, safi, za utawala wa kijana aliyeongozwa na mama yake kwa miaka 13, mpaka askari wakawaua wote wawili karibu na Mainz mwaka 235. Mke wa Alexander, Orbiana, ni ghali, mwache. Mkusanyaji anayekosa usingizi kwa ajili ya Orbiana amesahau alichokuwa akikitafuta.

Kuhusu kununua. Sarafu feki zipo, na za ukoo huu zinaigwa kwa kuwa zina soko. Sarafu ya kweli ilifuliwa: kipande cha fedha kiliwekwa kati ya vyuma viwili vyenye michoro, kikapigwa nyundo. Kwa hiyo kingo zake hupasuka kidogo, na mchoro mara nyingi hauko katikati barabara. Feki nyingi zimemiminwa kwenye kalibu. Zungusha ukingo ukiutafuta mshono. Angalia kama uso una vishimo vidogovidogo vya mapovu. Na ukiona mbili zilizopasuka mahali palepale, na ziko nje ya katikati kwa namna ileile, kimbia. Pima uzito. Halafu soma kabla ya kulipa. Orodha kuu ya sarafu hizi, juzuu ya nne ya kile kitabu wakusanyaji wanachokiita RIC, ilianza kutoka mwaka 1936, na taasisi ya wanasarafu ya Marekani imeiweka orodha hiyo mtandaoni bure, pamoja na picha kutoka makumbusho mengi. Asiye na hata bei ya viatu anaweza kuutazama ukoo mzima kwenye simu yake.

Imebaki sarafu moja ambayo ni ghali kidogo kuliko zile nilizozipendekeza, lakini ningeitafuta kabla ya dinari ya pili ya Plautilla. Ni ya Septimius mwenyewe, na upande wa pili imeandikwa AFRICA. Mwanamke amesimama, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe vikionekana, kwenye upindo wa nguo yake amebeba mavuno, na miguuni pake yuko simba. Kwa Warumi, Afrika ilikuwa ile ya kaskazini, iliyowalisha ngano; si kwetu huku. Lakini ni Kaisari aliyezaliwa bara hili akilitangaza kwa jina kwenye mshahara wa askari walioko Uskoti na Syria. Inasemekana lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzeeni.

Mji wake, Leptis Magna, uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2016 ukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita vya Libya. Homs ya Julia Domna nayo imepita katika moto kama huo. Vita inapoingia sehemu kama hizo, watu huchimba usiku na kuuza kwa haraka, na kinachochimbwa hutafuta mnunuzi mwenye pesa kidogo asiyeuliza maswali, yaani mtu kama mimi na wewe. Kwa hiyo uliza: imetoka wapi, ilikuwa kwenye mkusanyo wa nani, iliuzwa mnada gani, karatasi iko wapi? Muuzaji wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo. Ameyazoea, na risiti anayo. Asiyeweza kujibu, mrudishie sarafu yake.